Siku Niliyounganisha Vidoti vya Ramani

Mjukuu wangu ameniambia nikiandika haya nisitaje jina la mtu. "Nyanya, huyo dalali bado tunaimba naye kwaya moja," akasema. Basi. Majina ninayo yote, hayajanitoka hata moja, la dalali, la baba yake dalali, la yule msichana wa ofisini, hata la paka wa mwenye nyumba. Lakini nimekubali kuyameza. Atakayejiona humu ajinyamazie tu.

Yeye mjukuu nitamwita mke mwenzangu, maana ndivyo ninavyomwita tangu akiwa mdogo. Babu yake alikuwa akimwita bibi harusi wake, akimletea muwa kutoka shambani, mimi haniletei, nami nikijifanya kuona wivu hadi nanuna. Babu alipotutoka tukabaki wajane wawili, mimi na msichana wa darasa la tatu. Alikaa nami kule Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, tangu ana miaka minne, mama yake alipopata kazi Mombasa. Nimemlea kwa kimanga, ule muhogo wetu wa kupondwa na maharagwe, na kwa mbaazi, na leo ni mwalimu Voi, anavaa saa na kusahihisha watoto wa watu.

Voi alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Kaloleni. Choo walikuwa wakitumia watu wa milango sita. Mimi nashuka kila mwezi kwa ajili ya kliniki ya magoti, na kila nikishuka ananipa kitanda, yeye analala chini. Nikikataa ananuna, na huyo akinuna utadhani ni mlima umeingia mawingu. Ndipo siku moja akaniambia, huku ananipaka dawa gotini:

"Nyanya, natafuta ploti. Nitajenga. Na chumba cha kwanza ni chako, mbele kabisa, uwe unaona watu wakipita."

"Nani kakwambia nataka kuona watu?"

"Tangu lini hutaki? Na kitakuwa na choo ndani."

"Choo ndani ya chumba! Nilale na choo kama mgonjwa?"

"Utazoea, mke mwenza. Hutahesabiana zamu na mtu."

Nilicheka, lakini nilimwona usoni. Huyu mtoto alikuwa amejinyima miaka. Viatu vya shule alikuwa na pea moja, anaipeleka kwa fundi kila mkia wa mwezi. Na mimi, tuseme ukweli, nilikuwa nimeanza kuogopa kukaa peke yangu Makwasinyi. Kuchota maji kulikuwa kumenishinda, nikawa nategemea watoto wa majirani. Sikumwambia. Lakini kile chumba cha mbele nilikuwa nimeshaanza kukiwaza. Nilikuwa nimeshaweka hata pazia.

Ploti ikapatikana Mraru, kando ya barabara ya kwenda Taveta. Alienda kuiona Jumamosi, akarudi amechangamka kama aliyepata mchumba. Lami iko mbele, gari litanishusha mlangoni, nyuma kuna korongo lenye miti, upepo unapita. Jumapili baada ya kanisa dalali akaja na ramani.

Dalali ni kijana mzuri, ana sauti ya besi, na shati lake limepigwa pasi hata kwenye kola. Kosa lake ni moja tu, aliniita shosho, kama wanavyosema watu wa mjini badala ya nyanya.

"Shikamoo shosho."

"Marahaba. Shosho wako yuko wapi?"

"Alifariki, shosho."

"Pole. Mimi ni nyanya wa huyu. Kaa unywe chai."

Akacheka, akakaa, na akaendelea kuniita shosho mpaka chai ikaisha. Ramani tukaitandika kitandani maana meza haikuipokea. Ilikuwa karatasi kubwa, kopi ya mpango wote wa eneo lile, na ploti zake zimepangwa kama matuta ya viazi. Akaweka kidole.

"Hii hapa. Kumi na nne. Mnaona huu mstari mweusi mnene? Huo ndio mpaka. Mbele bikoni mbili, vile vigingi vya mpaka, nyuma bikoni mbili. Hakuna mtu atakusumbua."

Mimi nikainama. Mstari mnene niliuona. Lakini ndani ya mstari mnene, upande wa barabara, palikuwa na mwingine, vidoti vidoti, hafifu kama sisimizi waliojipanga. Na upande wa nyuma ulipita mwingine wa buluu.

"Na hii mingine?"

"Hiyo ni ya wachoraji, shosho. Wana mambo yao. Wewe shika mweusi."

Akatuachia ramani tuitazame. Ijumaa tungekutana kwa wakili, mjukuu wangu atie sahihi. Akaondoka na kipande cha mkate mkononi.

Sasa hapa lazima niseme jinsi nilivyosoma, ama mtanicheka bure.

Utotoni nilisoma mwaka mmoja na nusu, halafu nikatakiwa nyumbani kulea wadogo zangu. Kusoma nimekuja kusoma nikiwa na wajukuu, darasa la gumbaru la watu wazima, pale kanisani kwetu, saa za mchana baada ya kupalilia. Tulikuwa kina mama kumi na wazee wawili, na mwalimu wetu alikuwa binti mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Hakutuandikia herufi. Alitutilia vidoti. Anaweka vidoti vya herufi A, halafu anasema, "Mama, pitia." Nawe unapitia kwa kalamu, kidoti hadi kidoti, ulimi nje, na ukifika mwisho umeandika. Jina langu nililiandika hivyo mara ya kwanza. La marehemu mume wangu pia, nikampelekea nyumbani, akaliangalia, akasema mbona amekonda.

Kwa hiyo mimi elimu yangu yote imepita juu ya vidoti. Kwangu kidoti ni amri, pita hapa, mwenye kazi amekuachia umalizie.

Jumatatu mke mwenzangu akaenda shule. Nikabaki mimi na ramani. Nikafagia, nikaosha vyombo, nikaiangalia tena. Vile vidoti vilinikera. Nikajisema, mchoraji amechora mpaka, akaacha hapa mwenye ploti apitie kwa mkono wake, ndio kukubali kwenyewe. Na huyu mtoto ana madaftari sitini ya kusahihisha, atapata wapi nafasi? Nitamsaidia. Nikachukua biro nyekundu na rula kwenye kikopo chake cha kalamu, nikapiga magoti kando ya kitanda, magoti yakalia, nikaanza.

Nilichora vizuri, nisiseme uongo. Taratibu, mkono haukutetemeka. Lakini nilipofika mwisho wa kumi na nne, vidoti havikuisha. Vilivuka kuingia kumi na tatu. Nikafuata. Vikaingia kumi na mbili. Nikafuata. Ploti nane nzima, mpaka ukingo wa karatasi, mstari mmoja haukupinda hata kidogo.

Nikanyanyuka kupumzisha kiuno, na ndipo nilipouona. Vilipokuwa vidoti, jicho liliviruka. Sasa ni mstari mwekundu, na umekata kipande cha mbele cha kila ploti, kama mtu anavyokata ganda la mkate.

Nikajiuliza, hapa kati ya mwekundu na mweusi ni kwa nani?

Sisi kule nyumbani shamba hatulijui kwa karatasi. Ukiniuliza shamba langu liko wapi nitakutajia watu. Juu nimepakana na fulani, kulia na fulani na nduguye, kushoto na mjane wa fulani. Shamba likigawanywa, hao wote wanaitwa, mnatembea nao mpaka mzima, kila mmoja akifika kwake anasimama anasema, mimi ni huyu, na hapa ndipo ninapoishia. Akikosekana mmoja, mnaahirisha. Upande wa chini wa shamba langu ndio hauna wa kusimama, kwa sababu ni pori. Na mimi na marehemu, tukiwa vijana wenye tamaa, tulilima mpaka mwisho kabisa wa huo upande. Mahindi yakipendeza, ndovu wanakuja. Kila msimu. Mistari ya chini yote inakwenda. Nilijifunza hapo kwamba upande usio na jirani ndio unaoliwa.

Basi nikakaa kitandani kando ya ile karatasi, nikamngoja.

Alikuja saa kumi na moja, akaona ramani, akaona biro. Mkoba ukaanguka.

"Nyanya! Umefanya nini?"

"Nimepitia."

"Umepitia nini?"

"Si vilikuwa vidoti?"

"Nyanya, hii ni ya dalali! Watu watatu wanaisubiri! Umeichora na biro, biro nyekundu, yangu ya kusahihishia!"

"Nimetumia rula."

Akashika kichwa. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona anafanya yote mawili. Aliketi sakafuni kabisa, na nguo zake za kazi. Nikamwacha amalize.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Haya. Ukimaliza uniambie, hapa katikati anakaa nani."

Akainua shingo. Akasogea. Akafuata mstari wangu kwa kidole, kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili, na nikaona kile kicheko kinamtoka kidogo kidogo. Kidole kikarudi kumi na nne, kikasimama mbele, juu ya kile kipande.

"Hapa ndipo nilipokuwa nimeweka chumba chako," akasema.

Akampigia dalali, akaiweka spika nisikie.

"Shosho amefanya nini na ramani yangu?"

"Achana na shosho. Huu mstari wa vidoti ni wa nini?"

"Ah, ni mambo ya mipango, mwalimu. Wanasema siku moja watapanua barabara. Hayo labda wajukuu wataona."

Nikaisogelea simu. "Mjukuu ndiye huyu ananunua."

Halafu akasema network ni mbaya.

Alhamisi mjukuu wangu aliomba ruhusa shuleni, tukaenda ofisi ya mipango pale Voi, siku moja tu kabla ya kwa wakili. Tulipokelewa na msichana mwenye miwani, amebana nywele kwa penseli. Mke mwenzangu akaitandaza ramani mezani, akaanza kueleza haraka haraka ili mwenzake asiangalie ile nyekundu. Msichana akaiangalia.

"Nani amechora hapa?"

Mjukuu wangu akatazama dari. Kumbe ndivyo wanafunzi wake wanavyofanya, nikajua amewaiga.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilidhani ni kama gumbaru."

Yule msichana akavua miwani akaifuta, na mabega yanamtikisika. Akasema nyanya yake naye alisoma gumbaru, na mpaka leo anaandika jina lake kama anashona. Tukawa marafiki hapo hapo. Akasema nimefuata mstari vizuri kuliko vijana wanaokuja kujifunza kazi kwake. Mjukuu wangu akaniangalia kwa jicho la pembeni, kwamba sasa nitaringa. Nikaringa.

Halafu akatueleza, polepole, kidole chake kikitembea. Mweusi mnene ni mpaka wa kumiliki. Yaliyo ndani yake yataandikwa kwenye hati yako, na dalali hakudanganya. Lakini mpaka wa kujenga ni mwingine. Vidoti ni barabara itakapofika ikipanuliwa. Kipande kilichobaki mbele kitakuwa chako, utakifagia, utapanda hata maua, ila ukiweka jiwe la msingi hapo, siku barabara ikija watalivunja, na utakuwa huna wa kumlalamikia maana ramani ilikwambia mapema. Na ule wa buluu, nyuma, ni wa korongo. Mvua ikinyesha vilimani, maji yanashuka hapo kwa hasira, kwa hiyo huruhusiwi kusogea.

"Watu wananiuliza ploti inaishia wapi," akasema. "Hawaniulizi nyumba inaishia wapi."

"Kwa hiyo nyumba inakaa katikati," mjukuu wangu akasema. Alikuwa anajikaza. "Kati ya vidoti na buluu."

"Ndiyo. Nyumba yako ni kubwa kiasi gani?"

Akatoa kwenye mkoba mchoro aliochorewa na fundi, ameukunja mara nne, umeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Nilikuwa sijauona. Sebule, jikoni, chumba chake, chumba cha wageni, na mbele pembeni chumba kimoja, ndani kimeandikwa NYANYA kwa herufi kubwa.

Msichana akauangalia. Akachukua kipande cha karatasi ngumu, akapima kwa rula kulingana na ramani, akakikata kwa makasi. Nyumba yetu ikawa kitu cha kubana kati ya vidole viwili. Akaandika n ndogo penye kona ya chumba changu. Akaiweka juu ya ploti kumi na nne.

Haikutosha. Mbele ilikanyaga mwekundu. Akaisukuma nyuma, ikaingia kwenye buluu. Mke mwenzangu akaichukua, akaigeuza upana, akaigeuza tena, akajaribu mshazari kama mtu anayeingiza kabati mlangoni. Kila alivyofanya, kona moja ilibaki nje. Hata ningekuwa sijui kusoma ningeona ni kona gani.

Basi mimi nikachukua makasi.

"Nyanya, unafanya nini?"

"Nakata hapa. Ikatwe hii kona, iliyobaki inatosha. Si inatosha, mama?"

Msichana wa miwani akasema ndiyo, bila hiyo ingetosha. Alisema huku anaangalia mahali pengine.

"Umeona? Ploti nzuri, lami mbele, uchukue. Mimi nina nyumba yangu Makwasinyi, nina kuku, nina..."

Alininyang'anya makasi. Hajawahi kuninyang'anya kitu tangu azaliwe. Akakunja ule mchoro, akashukuru, akatoka nje. Nilimkuta kwenye ua wa ofisi, amesimama karibu na tangi la maji, amenipa mgongo.

"Mke mwenza."

"Usiniite hivyo sasa hivi."

"Haya. Mwalimu."

"Nyanya, unafikiri najenga nyumba kwa sababu gani? Chumba cha kulala ninacho. Kaloleni nina chumba."

"Chenye choo cha milango sita."

"Nimezoea. Ningekaa hapo mpaka nistaafu. Ninajenga kwa sababu mwezi wa nne nilikuja nikakuta huna maji ndani, na ukanidanganya kwamba ulimwaga."

Ni kweli nilimdanganya. Magoti yalikuwa yamekataa siku mbili, na watoto wa jirani walikuwa wamefunga shule wamesafiri.

"Kwa hiyo nyumba isiyo na ile kona si nyumba," akasema. "Siitaki. Kesho simwoni wakili."

Akalia kidogo, maana ile ploti aliipenda. Alikuwa ameshachagua mpaka mahali pa mlimau. Nikamshika mkono, tukasimama pale kama wajane kweli.

Ijumaa jioni dalali akaja Kaloleni amekasirika. Hakunywa chai. Wakili amengoja, mwenye ploti amengoja, yeye ameonekana mwongo mbele za watu, na ramani yake imeharibiwa na shosho. Mjukuu wangu hakubishana. Ni mwalimu, ana subira. Akaitandika ramani kitandani, akamweleza alivyoelezwa, mweusi, vidoti, buluu. Akampa na ile nyumba ya karatasi aijaribu mwenyewe. Mwanzoni dalali alikuwa anasikiliza kwa sikio la kutokea. Halafu nikamwona ameinama. Kidole chake kikatoka kumi na nne, kikaenda kumi na tatu, kumi na mbili. Kikasimama kumi na moja.

"Na huu mstari unapita mpaka huku?"

"Unafika ukingo wa karatasi," nikasema. "Nimeupitia mwenyewe."

"Kumi na moja ni yangu," akasema.

Ile besi ilikuwa imemwishia. Alikuwa amejinunulia mwaka uliopita, akapanga kujenga duka mbele kabisa, mlango unaangalia lami, na tayari alikuwa ameshusha mawe. Akatuuliza mawe ni kuanzia wapi yatakuwa salama. Mjukuu wangu akampimia kwa rula. Aliyepima ploti za watu wote hakuwa amejipimia yake. Nikammiminia chai, na safari hii akainywa, na nikamwongezea sukari bila kumuuliza.

"Asante, nyanya," akasema.

Nikajua sasa tunaelewana.

Ni yeye aliyetutafutia ile nyingine, na hakutaka asante. Iko safu ya nne kutoka barabarani, haina lami, njia ya kufika ni ya vumbi na punda. Mara hii mke mwenzangu hakwenda kuipenda kwanza. Alianza kwa msichana wa miwani. Akauliza kila mstari, mnene, mwembamba, wa rangi, hata alama ndogo ya nguzo za umeme, na nyumba yetu ya karatasi ikawekwa juu yake. Ikakaa. Ikageuzwa, ikakaa tena. Msichana akasema mnaweza kuongeza hata baraza. Kisha sevea, mpimaji wa ardhi, akaja kutuonyesha bikoni, na mimi nikawaomba majirani wote wanne waje wasimame. Sevea akasema kwa sheria ya kazi yake hahitaji. Nikamwambia mimi nahitaji. Wakaja. Mmoja ni mama wa Kikamba mwenye mbuzi wengi, akanipima kutoka juu hadi chini akauliza, "Ni wewe utakaa hapa, ama ni huyu msichana?" Nikamwambia ni sisi wote. Akasema basi vizuri, huyu msichana anaonekana mpole sana, hangepata wa kugombana naye.

Karatasi zikamalizika, wakili akapata sahihi yake, na juzi, baada ya mvua za kwanza, fundi akaja kupiga kamba.

Niliamka nikaoga mapema kama naenda harusini. Fundi alikuwa amesimika vigingi, na kamba nyeupe zimevutwa kuzunguka, zimekatana, zimegawana vyumba. Nikamwambia anionyeshe changu. Akanionyesha. Nikaingia kwa kuruka kamba, mjukuu wangu amenishika kiwiko.

"Hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Hapa hata kuku akigeuka atagonga ukuta!"

Fundi akacheka. "Mama, kwa kamba kila mtu husema hivyo. Hata tajiri husema. Ukuta ukipanda, chumba kinakua."

"Kinakua na nini, mbolea?"

"Nyanya, ngoja," mke mwenzangu akasema. Akavua viatu, akalala chali kwenye udongo, na sketi yake ya shule, akanyoosha mikono. "Kitanda kinaanza hapa kichwani kwangu, kinaishia hapa. Ona, umebaki na nafasi. Hapa kabati. Hapa kiti. Dirisha ni huku, kwa mama wa mbuzi."

"Na choo?"

"Pale, umekanyaga."

Nikatoka pale haraka. Nikakaa chini kando yake, kwenye nafasi ya kiti, magoti nikayanyoosha mpaka kwenye kamba. Udongo ulikuwa bado na unyevu wa mvua, una baridi nzuri. Kutoka pale chini hata ile kamba haikuonekana karibu sana. Alikuwa amefumba macho. Nikamtoa majani kwenye nywele.

"Ni kidogo bado?" akauliza.

"Si kidogo sana."

Fundi akaja na jembe begani, akatuomba tutoke, vijana wake wanataka kuanza kuchimba. Tukamwambia angoje kidogo.